Bua Lisiloviringika

Bibi hakuniuliza nilikuwa wapi wala kwa nini nimechelewa. Alichomoa bua moja kutoka kwenye mzigo nilioutua mlangoni, akaliweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akaliviringisha. Likazunguka kama mrija. Akachomoa la pili, nalo likazunguka. "Haya ni ya mbuzi, mjukuu wangu," akasema, na mzigo wote ukaenda bandani.

Ilikuwa mwaka 1979, nami nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa nimeshinda bondeni, chini ya mtaa wetu wa Mfaranyaki hapa Songea mjini, nikikata majani marefu niliyodhani ndiyo aliyonituma. Bibi alizaliwa upande wa Njombe akaolewa Ungoni. Milulu ya kusukia vikapu aliletewa na ndugu zake walipokuja kumtembelea, lakini majani ya mikeka alitaka yatoke bondeni kwetu, tena ya aina moja tu, ambayo yeye aliyaita "yenye pembe". Mimi nilisikia pembe nikafikiria ncha. Nilikata kila kilichochoma.

Kesho yake tulikwenda wote. Alinisimamisha mahali ambapo maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, akaniambia nifumbe macho, akanipa bua mkononi. "Viringisha." Halikuviringika. Liligoma, likapinduka mara moja kwa kishindo kidogo, likatulia, likagoma tena. Vidole vyangu vikahesabu vyenyewe: ubavu mmoja, wa pili, wa tatu. Basi. Hakukuwa na wa nne.

Aliponiruhusu kufumbua macho alinionyesha mengine matatu, kwa utaratibu ambao baadaye nilikuja kuukuta kwenye vitabu, ingawa yeye hakuwahi kushika kitabu. Kwanza alilikata bua kwa kisu: halikuwa na uwazi ndani kama majani ya mbuzi, lilijaa nyama nyeupe laini, na kutoka chini hadi juu halikuwa na fundo hata moja. Pili, aliniinamisha niutazame mmea kutoka juu. Majani yalitoka pande tatu, kama mafiga. Mahindi, ambayo ni ya ukoo wa nyasi, hutoa majani pande mbili tu, huku na huku, kama mtu aliyenyoosha mikono. Tatu, alinishikisha ala, ile sehemu ya chini ya jani inayolivika bua. Ala ya hindi unaweza kuifungua kwa kidole, maana imezungushwa tu kama kanga kiunoni. Hii haikufunguka. Ilikuwa imeungana pande zote kama sketi iliyoshonwa, na ukiivuta kwa nguvu inachanika.

Siku ile nilirudi na mzigo wa kweli. Nilirudi pia na mikono inayotoka damu, kwa kuwa ukoo wa mimea hii yenye pembe una watoto wenye majani yanayokata kama wembe. Wataalamu huwaita Scleria, na ukiwaona wamezaa utawajua kwa punje zao nyeupe, ngumu, zinazong'aa kama ushanga. Bibi alikuwa na kovu la jani hilo kwenye kiganja cha kushoto tangu akiwa msichana.

Ukoo wote huitwa Cyperaceae. Una spishi zaidi ya 5,000 duniani. Kiswahili kinawajua zaidi wale tunaowatumia au tunaopigana nao: mafunjo ya ziwani, na ndago wa shambani. Kwa kuwa ndago ndiye anayefahamika kila nyumba, mimi huuita ukoo huu ukoo wa ndago, na sijapata jina lililonifaa zaidi.

Kuhusu ndago mwenyewe nina neno. Jirani yetu mmoja alikuwa na bustani ya mboga kandokando ya kijito, na kila mwaka alilima ndago kwa jembe, na kila mwaka ndago walirudi wengi kuliko jana. Alifikiri mtu anamwonea wivu. Nilikuwa kijana wa sekondari nilipomchimbulia mmea mmoja taratibu kwa kisu badala ya jembe, tukaona kilichokuwa kikitokea. Vitunguu vyake vya chini vilikuwa vimefungamana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, kama tasbihi. Kila jembe lilipokata ule uzi, kila kitunguu kilichobaki kilijiona huru kikachipua. Huyo ni Cyperus rotundus, mwenye vishuke vya rangi ya zambarau iliyokolea hudhurungi, na kitunguu chake ukikitafuna ni kichungu chenye harufu ya dawa.

Ana ndugu anayefanana naye kiasi cha kuwachanganya hata wakulima wa miaka mingi: Cyperus esculentus. Huyu vishuke vyake ni vya rangi ya majani makavu yenye dhahabu kidogo, jani lake huchongoka polepole hadi ncha ndefu, na vitunguu vyake havifuatani kwa mnyororo. Kila uzi unaishia kwenye kimoja, nacho ni kitamu, kina ladha ya karanga na nazi. Wamisri wa kale walivila. Huko Valencia, Hispania, hadi leo wanavilima mashambani na kuvitengenezea kinywaji cheupe kama maziwa. Ndugu wawili, bonde moja, mmoja anamfukarisha mkulima na mwingine anaweza kumlisha, na tofauti yao haionekani mpaka uchimbe. Jirani yangu aliacha kukatakata, akaanza kuchimbua mzima mzima na kuanika juani. Hakuwamaliza, lakini mboga zilipata nafasi.

Nayaeleza haya ili msomaji aone kwamba nilikuwa na sababu ya kujiamini. Na kujiamini huko ndiko kulikonikwaza.

Februari 2008 nilipata kibarua cha kusaidia kuorodhesha mimea ya vyanzo vya maji. Nilifurahi kwamba nimepangiwa bonde la nyumbani. Mahali palepale ambapo bibi alinifumbisha macho, hatua chache kuelekea kijitoni, kulikuwa na kichaka cha mabua marefu kuliko mimi, ya kijani kilichoiva, yasiyo na majani hata moja, ila vifuko vya rangi ya kahawia vilivyolibana bua karibu na tope. Nikaliviringisha moja. Likaviringika vizuri kabisa. La duara.

Kwenye daftari langu nilikuwa na kanuni niliyoitegemea kwa miaka 29: pembe tatu ni ukoo wa ndago, duara si wao. Ukoo mwingine wa majimaji wenye mabua ya duara yaliyojaa ndani ni Juncaceae. Nikaandika Juncus. Nilikata vipande vitatu vya sehemu ya juu, kwa sababu chini kulikuwa na tope na nilikuwa nimevaa viatu vizuri siku ile, nikavikausha kwenye magazeti, nikavituma kwenye hebaria, yaani ghala ya mimea iliyokaushwa, kwa uthibitisho.

Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa, karatasi moja. Mtaalamu, ambaye sikuwahi kuonana naye, aliandika kwa upole kwamba sampuli haina ua, haina punje, wala haina mizizi, na kwa hiyo hawezi kuipa jina, na angeshukuru kama ningefuta lile nililoandika. Alikuwa amelipasua bua langu kwa urefu. Ndani yake kulikuwa na kuta nyembamba zilizolikata bua kwa upana, moja baada ya nyingine, kama pingili za muwa zilizofichwa chini ya ngozi. Kisha akanipa somo ambalo sikulipata darasani. Mimea mitatu ya majimaji katika nchi yetu, alisema, inaweza kuwa na kuta kama hizo. Kuna Juncus oxycarpus, ambaye kuta zake zimo kwenye majani ya duara yanayofanana na bua. Kuna Eleocharis dulcis, ambaye ni wa ukoo wa ndago japokuwa bua lake ni la duara. Na kuna Cyperus articulatus, naye wa ukoo huohuo, naye wa duara. Huwezi kuwatenganisha kwa bua pekee. Ukitaka kuwatenganisha, subiri wazae.

Maana kinachoamua ni kichwa. Eleocharis hubeba shuke moja tu kwenye ncha ya bua, kama kidole. Cyperus hufungua mwavuli, na kwenye kila ufito wa mwavuli kuna vishuke bapa ambavyo magamba yake yamepangwa safu mbili, mkabala, kama nywele zilizosukwa. Kila gamba linafunika ua moja, na kila ua huzaa punje moja. Juncus yeye ana ua kamili lenye vipande sita kama yungiyungi dogo kavu, na badala ya punje moja ana kibweta chenye mbegu nyingi kama vumbi. Kwa kioo cha kukuzia tofauti hizi hazijifichi. Ila kioo hakiwezi kukuza kitu ambacho hukuleta.

Niliporudi bondeni Mei 2009, kwa viatu vya mpira na jembe dogo, kichaka hakikuwepo. Palikuwa na kifusi kilichosawazishwa na mstari wa mawe ya msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na pale hapakufika hata 20. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akipakua mchanga kulikuwa na nini hapo zamani. "Majani tu, mzee," akajibu. Hakukusudia ubaya. Nilikaa juu ya jiwe nikatazama maji yakitafuta njia mpya pembeni ya ukuta, na nilijua kwamba ningefanya kazi yangu sawasawa mwaka uliotangulia, angalau jina lingebaki.

Nilimweleza bibi. Alikuwa na umri mkubwa sana wakati huo, amekaa kwenye mkeka wake barazani, macho yamefifia lakini vidole vingali vinasuka. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Ukilipitisha kati ya kucha mbili, linakwamakwama?"

Nikamwambia sikulipitisha kati ya kucha.

"Na mzizi wake ulinusa?"

Sikuunusa. Sikuuchimba.

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema hilo analijua, ni lile la pingili za ndani, ambalo zamani walichimba mizizi yake wakaiweka kwenye sanduku la nguo kwa harufu yake. Mikeka yake si mibaya, ila yeye hakulipenda kwa sababu likikauka linaonyesha pete na mkeka unakuwa na mistari. Akanielekeza upande wa mto Luhira, mahali ambapo maji yanapunguza mwendo.

Yaani kwa miaka yote ile mimi nilibeba somo lake la kwanza, la pembe tatu, nikalifanya sheria. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema ni sheria. Alikuwa amemfundisha mtoto wa miaka 10 jinsi ya kupata majani ya mkeka mmoja. Laiti ningerudi kumuuliza la pili, angenipa. Nami nilikuwa nimesoma, nikaona nimeshamaliza kwake.

Nililipata Luhira, Juni ileile, mvua zikiwa zimekwisha na maji yamerudi kwenye mkondo. Safari hii nilifanya yote. Nililipitisha bua kati ya kucha, likakwamakwama. Nikalichimba lote, nikaupata mzizi mwekundu mweusi wenye vinundu, nikaunusa: harufu ya ubani uliochanganyika na udongo. Nikapima urefu kabla sijakata, kwa sababu mmea ukishakunjwa kwenye karatasi hausemi tena ulikuwa mrefu kiasi gani. Nikaandika rangi ya vishuke, kwa sababu rangi hufa ukikauka. Juu kulikuwa na mwavuli mdogo wa fito nyembamba, vishuke vyembamba vya hudhurungi, magamba safu mbili. Nikapukuta punje kwenye kiganja, nikaiweka moja chini ya kioo.

Ilikuwa na pembe tatu.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu dakika ile. Zile pembe nilizozitafuta kwenye bua nikazikosa, mmea ulikuwa umeziweka kwenye punje. Na zile nyuzi za ua zinazopokea chavua, ambazo bado zilining'inia kwenye vishuke vya juu, nazo zilikuwa tatu. Cyperus articulatus. Jina hilo lilitolewa na Linnaeus mwaka 1753, pamoja na mafunjo na ndago wote wawili niliowataja. Nililiandika kwenye lebo kwa penseli, na chini yake nikaandika alivyoliita bibi.

Kuna jambo jingine nililoligundua baadaye kidogo. Mwaka 2010 ilitoka juzuu ya ukoo huu katika mfululizo wa Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kumalizika 2012, inayoeleza mimea zaidi ya 12,000 ya Tanzania, Kenya na Uganda. Nilipoifungua, neno lililoniparamia kurasa kwa kurasa ni Songea. Songea, Songea, na majina mawili yaleyale: Milne-Redhead na Taylor. Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor walikuwa wataalamu wa bustani ya Kew, London, waliokuja wilaya yetu mwishoni mwa 1955 wakakaa msimu wa mvua wa kuingia 1956, wakikusanya. Taylor baadaye, mwaka 1989, alitoa kitabu kikubwa kuhusu Utricularia, vimea vidogo vya majimaji vinavyonasa wadudu kwa vifuko, ambavyo humea katikati ya miguu ya ndago. Kwa hiyo wakati bibi yangu akiwa mke kijana anayekata majani ya mikeka, wageni wawili walikuwa wakipita mabonde ya jirani na kukata mimea ya ukoo uleule, yao ikaenda London kwenye makabati, yake ikaenda barazani kwetu ikakaliwa mpaka ikachakaa.

Siwalaumu. Walifanya kazi kwa uangalifu ambao mimi nilikuja kuuiga: mizizi, bua, ua, punje, mahali, tarehe. Kinachoniuma ni upande wetu. Mabonde yaliyoipatia kazi kubwa kama ile ushahidi wake, sisi tunaokaa juu yake tunayaita "majani tu", na neno hilo "tu" limejaza vifusi vingi kuliko matrekta. Hakuna anayejaza kifusi juu ya kitu anachokijua kwa jina. Mtu atauliza kwanza.

Na yako mengi ya kujua. Ukoo wa ndago ndio unaoshika tope la mabonde yetu. Mizizi yake iliyofungamana hupunguza kasi ya maji yanayoteremka kutoka milima ya Matogoro, milima ambayo mto Ruvuma huanzia na ambayo mji huu unaitegemea kwa maji ya kunywa. Mahali ulipong'olewa, mvua ya kwanza tu maji yanakuwa mekundu. Hilo mkazi yeyote wa Mfaranyaki anaweza kuliona kwa macho kutoka darajani, Desemba, bila kioo chochote.

Hata karatasi ninayokaushia mimea inadaiwa na ukoo huu. Neno karatasi tumelipata kwa Waarabu, nao wakalipata kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki lilikuwa jina la ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo. Kila ninapoweka ndago kati ya kurasa za gazeti, huwa najisikia kama ninayemlaza mtoto kwenye kitanda cha babu yake.

Bibi alifariki mwaka 2011. Mkeka wake wa mwisho ninao, umetengenezwa kwa mabua ya pembe tatu. Ukiusugua kwa kidole unazihisi kingo, mstari kwa mstari. Sampuli ya Luhira nayo iko hebaria, na lebo yake inasomeka vizuri.

Nawaomba wanaokaa kando ya mabonde ya Songea, na walimu wa sayansi walioko huko: mwezi wa Mei au Juni, mimea ikiwa imezaa, shukeni na wanafunzi. Chagueni mahali ilipo mingi, mchukue mmoja tu. Uchimbeni pamoja na mizizi na vitunguu vyake, msiukate. Viringisheni bua, lakini msiishie hapo. Lipasueni, tazameni majani yametoka pande ngapi, ala inafunguka au haifunguki, magamba yamepangwaje, punje ina pembe ngapi. Uwekeni kwenye gazeti chini ya vitabu vizito, mbadilishe gazeti kila siku mpaka ukauke. Andikeni mtaa, tarehe, urefu, rangi na harufu ya mzizi. Na kabla ya kuondoka, muulizeni mwanamke mzee wa karibu anauitaje na aliutumia kwa kazi gani, mkaandike na hilo.